Damu Isiyotaka Barafu

Kwanza kabisa, kiboksi usikifunge nyuma kwenye keria. Najua keria imewekwa kwa ajili ya mizigo, hata mimi nina macho. Lakini barabara ya vijiji vya nyuma ya Kolandoto ina mabonde na matuta, na damu ikitikiswa sana inavunjika, inakuwa kama juisi ya rozela, na mtu wa maabara akiiona anakutazama kama umemletea mkojo. Kiboksi kinavaliwa kifuani, kama mama anavyombeba mtoto mwenye homa. Mgongo utauma. Utazoea. Mimi sikuzoea, lakini wewe bado kijana.

Dokta ndiye aliyeniambia niwaandikie ninyi mnaochukua pikipiki yangu. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma kiangazi tu, maana masika ng'ombe walikuwa na shida na mimi. Kwa hiyo mkiona habari imepotea njia, isubirini, itarudi.

Jina langu ni Mayunga. Ninyi mnaniita Mzee Barafu, na najua mnadhani ni kwa sababu nilibeba chanjo. Siyo. Jina hilo nilipewa kwa kosa, na kosa lenyewe ndilo nataka kuwaeleza, ila lazima nianzie kwenye baridi.

Baridi nilikuwa naijua. Miaka ishirini na kitu nilibeba chanjo, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki. Chanjo ni kama maziwa: ikipata joto imekwisha, na utawachoma watoto wa watu maji matupu. Nilijua kuviacha vipakiti vya barafu vitoke jasho kwanza kabla ya kuvipanga, maana zipo chanjo ambazo zikiganda nazo zinakufa. Nilijua kuegesha pikipiki kule kivuli kinakokwenda, siyo pale kilipo. Hilo lishikeni. Kivuli kinatembea. Ukiegesha kilipo, ukitoka kunywa chai utakuta boksi linaota jua kama kenge. Watoto wa Ibadakuli walikuwa wakiona kile kiboksi cha bluu wananikimbilia wakiita, "Askirimu, askirimu," na siku moja mwalimu, mtu mzima na tai yake, alinisimamisha akaomba ya ukwaju. Nikamwambia nimebakiwa na ya surua. Hakucheka.

Sasa. Nilipokuwa nakaribia kuachana na chanjo, akanichukua Dokta Tumaini. Huyu ni mama mpole, sauti yake ndogo mpaka unainama kumsikia. Alikuwa na mradi wa watoto wachanga ambao kifua kinapiga filimbi. Mnawajua: mtoto akipata mafua kidogo tu, kifua kinalia kama birika linalokaribia kuchemka, mbavu zinaingia ndani na kutoka. Dokta akasema wengi wao wakikua filimbi inanyamaza yenyewe. Wengine hainyamazi, inakuwa pumu. Sasa nani atakuwa yupi, huwezi kumjua kwa kumtazama usoni. Ndiyo maana alitaka damu.

"Mzee Mayunga, ndani ya damu kuna askari," alinieleza.

"Wa jeshi au polisi?"

"Kijijini kwenu mna nani?"

"Sungusungu."

"Basi ni sungusungu. Kijidudu cha mafua kikiingia, yowe linapigwa, wao wanatoka. Wengine wanatoka haraka, wanamkamata mwizi, wanarudi kulala. Wengine wanachelewa. Na wengine wanakuja na hasira nyingi, mwizi keshakimbia, wao wanachoma ghala la mwenye nyumba."

Nikamwelewa moja kwa moja. Sungusungu wa namna hiyo nimewaona. Kifua cha mtoto ndiyo ghala.

"Nataka kujua kama tabia ya askari hawa mtoto akiwa mdogo inaweza kutuonya mapema nani atapata pumu," akasema. "Kwa hiyo lazima wafike maabara wakiwa hai na akili zao. Kule tunawapigia yowe la uongo, tunawaonyesha vipande vya vijidudu, tunaona wanavyoitika. Damu hii haitaki barafu, mzee. Haitaki jua, na haitaki barafu."

Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema: mama wa watu kajichanganya, anafikiria kitu kingine. Miaka ishirini na kitu nimeambiwa baridi, baridi, baridi, leo mtu mmoja aje kunigeuza? Nikaona nimsaidie kimyakimya. Vijana, mkisikia ndani yenu sauti inasema umsaidie bosi kimyakimya, kaeni chini mpaka ipite.

Mtoto mwenyewe aliitwa Shija. Kwetu ukisikia Shija hujaambiwa jina tu, umeambiwa na nyumba nzima. Mapacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija. Mama yake tulimwita Mama Kulwa, kama ilivyo desturi, mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache. Bibi mzaa baba alikaa kwenye kigoda mlangoni akipembua dengu, na hakuna kilichopita mlango ule bila kupembuliwa pia. Shija alikuwa na miezi minane, na filimbi yake ilisikika kabla hujafika uani.

Nesi wa mradi akachukua damu, vichupa viwili vidogo, akaviandika, akanikabidhi, akaenda kunawa mikono. Na mimi pale, haraka haraka, nikatoa vipakiti viwili nilivyovificha kwenye mkoba wa zana, nikavilaza kuta mbili za boksi, damu katikati. Vizuri kabisa. Kazi safi.

Mama Kulwa alikuwa anatazama.

"Baba, hiyo damu ina joto la mwanangu. Unailaza kwenye barafu?"

"Mama Kulwa, kazi hii nimeianza hujaolewa."

"Sawa, baba. Ila kwetu mtu akiwa na baridi hivyo tunatafuta sanda."

Nikacheka. Nilicheka kile kicheko cha mtu aliyevaa buti mbele ya mtu aliyevaa kandambili. Nikawasha pikipiki.

Maabara ya mjini kulikuwa na Hamisi. Hamisi ni Mzaramo, na Mzaramo na Msukuma ni watani toka enzi za mababu, kwa hiyo mimi na yeye hatukuwahi kusalimiana kama Wakristo wala kama Waislamu. Siku ile alikaa na damu yangu muda mrefu, kisha akatoka, akavua glovu, akanipa mkono wa pole.

"Mtani, umeniletea msiba."

"Msiba wa nani?"

"Njoo uwaage."

Akanisogeza kwenye darubini. "Weka jicho, usiweke pua." Nikaona vidoti vya bluu, bluu kama sare za chekechea, vimejaa. Akanieleza: anatia rangi ya bluu kidogo, halafu anatazama. Askari aliye hai anaikataa rangi mlangoni, anabaki mweupe. Aliyekufa mlango uko wazi, rangi inaingia.

"Mbona naona na vyeupe vichache?" nikauliza.

"Hao wako hai kama wewe ulivyokuwa hai siku ile uliposinzia kwenye semina. Nimewapigia yowe, hakuna aliyegeuza hata shingo. Uliweka nini humu?"

"Sikuweka kitu."

Kiboksi kilikuwa pale sakafuni kati yetu. Kikadondosha tone moja la maji. Hamisi akalitazama tone, akanitazama mimi. Likadondoka la pili.

"Mzee Barafu," akasema. Na jina likanishika toka siku hiyo.

Dokta Tumaini hakufoka. Angefoka ningeshukuru. Aliuliza tu, "Mama alikubali kwa shida, eti?" Nikasema ndiyo. Kumchoma mtoto wa miezi minane siyo jambo dogo, na mazungumzo ya kuchukua damu vijijini mnayajua, kuna watu bado wanakutazama kama mumiani. Akasema hatuwezi kumlazimisha arudie. Hiari ni yao. Lakini akitoka kwenye mradi, anaweza asirudi hata kliniki, na hilo ndilo lilimtia hofu.

Hofu yenyewe ilikuwa kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni. Wazee wetu wengi wanaamini mtoto akikohoa na kubanwa, shida ni kimeo, na dawa ni kukikata. Yupo mkataji, anakuja siku za gulio na chuma chake. Bibi yake Shija alitaka kumpeleka tangu mwanzo. Dokta alimwomba sana: kimeo hakina kosa lolote, kosa liko kwenye njia za hewa, nipe mwezi mmoja. Bibi akampa mwezi kwa sharti tuoneshe kwamba tunajua tunachokifanya. Mimi nimewahi kumkimbiza hospitali mtoto aliyekatwa kimeo, nimempakata mbele, anavuja damu mdomoni njia nzima. Yule alipona. Sipendi kulikumbuka lile shati.

"Nitamwambia kichupa kilivunjika," nikamwambia Dokta.

"Kilivunjika?"

"Hapana."

"Haya."

Kwa hiyo kesho yake nikarudi, na nesi nyuma yangu kwenye pikipiki. Njia ile ilikuwa haijawahi kuwa fupi namna ile. Bibi yuko kwenye kigoda chake, Shija yuko mgongoni kwa mama yake, filimbi inapiga.

"Shikamoo mayu," nikamwamkia, yaani mama.

"Marahaba. Mbona umerudi kabla ya siku yako?"

Nikasimulia. Yote, mpaka vipakiti kwenye mkoba wa zana, mpaka tone la maji. Ukikiri, kiri kwa mkupuo mmoja. Ukikata vipande kila kipande kinakuwa kosa jipya. Mama Kulwa alikuwa anafua. Hakuacha kufua.

"Nilikwambia," akasema.

"Uliniambia."

"Ukacheka."

"Nikacheka."

Bibi akaweka ungo chini. Nikajua sasa ndipo. "Yaani mwanamume na buti zake," akasema taratibu, "na pikipiki ya serikali..."

"Siyo ya serikali, mayu, ni ya mradi."

"...na pikipiki yake, kafundishwa kazi na mke wa mwanangu, akakataa kufundishika. Na mimi mnaniambia kimeo ni ujinga. Jumamosi kuna gulio. Mtoto anakwenda."

Nesi akataka kusema, Bibi akamwinulia kidole. Mama Kulwa anakamua nguo. Nikasema tu, "Mayu, kosa ni langu, siyo la Dokta. Nitoze mimi. Usimtoze Shija."

Hapo Bibi akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kwetu mtu akiwakosea wenzake wazee wanamtoza masumule, mara nyingi ni mbuzi, watu wanakula, kosa linakwisha. Nikaanza kupiga mahesabu ya mbuzi wangu yupi amekonda zaidi.

"Mbuzi sitaki," Bibi akasema, kama aliyenisikia. "Damu ya mjukuu wangu umeimwaga. Lipa damu. Tunakaa hapa tunakutazama. Wewe kwanza, mtoto baadaye."

Vijana, ngoja niwaambie siri. Nimebeba sindano nusu ya maisha yangu, maboksi na maboksi. Sindano yenyewe naiogopa kuliko chatu. Nilikuwa nakabidhi chanjo halafu naenda kutazama tairi. Nesi alikuwa anajua. Akapiga simu kuomba ruhusa, na Dokta Tumaini, yule wa sauti ndogo, alicheka mpaka mimi nikamsikia nikiwa nimesimama pembeni. Akasema sawa, kichupa kimoja.

Nikatoa mkono. Nikatazama kuku. Walikuwa saba na jogoo mmoja mwenye kidole kimoja kilichokatika, mpaka leo ningemtambua. Watu wanasema nilizimia. Sikuzimia. Nilikaa chini kwa hiari yangu, haraka kidogo.

Bibi akakichukua kichupa changu, akakiweka shavuni. "Ina joto," akasema. "Kumbe ana uhai." Mama Kulwa akageuka ukutani, nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Alipomaliza akamshusha Shija mgongoni, akampakata, akamshika mkono mwenyewe, akamwambia nesi, "Choma."

Na akanifundisha kubeba. Hili ndilo mtakalolitumia kila siku, kwa hiyo msilisome kwa kuruka. Akaingia ndani akachota maji ya mtungini, akajaza chupa mbili za plastiki, akazipanga kwenye kuta za boksi pale nilipokuwa naweka barafu. Maji ya mtungi hayana baridi ya kuua wala joto la kuchachisha, na jua la saa sita likipiga boksi yanalipokea yenyewe kwanza. Damu akaifunga kwenye kipande cha kitenge, katikati. Leo mna maboksi ya kisasa yenye kipimajoto. Vizuri. Siku kipimajoto kikifa, tafuteni nyumba yenye mtungi.

"Jumamosi mtoto haendi, nitasubiri," Bibi akasema nilipokuwa nawasha pikipiki. "Si kwa ajili ya Dokta. Kwa ajili ya huyu aliyekaa chini."

Hamisi aliweka jicho kwenye darubini, akatazama mpaka nikataka kumpiga. Kisha akasogea. Nikatazama. Weupe, weupe, weupe, bluu moja moja tu, kama mawe kwenye mchele. Kesho yake akaniambia askari wa Shija wamepigiwa yowe wameitika.

"Wameitikaje? Vizuri au kwa hasira?"

"Mtani, askari wa mtoto mmoja hawaambii mtu kitu. Dokta anawatazama watoto wote pamoja, tena miaka. Nenda kalete wengine."

"Na wa yule mzee?"

"Wanasinzia."

Jumamosi ile ikapita, na nyingine ikapita. Mama Kulwa akafika kliniki, akafundishwa dawa ya kuvuta: pampu inachomekwa kwenye kitako cha chupa ya maji iliyotobolewa, mdomo wa chupa unapewa mtoto, anapumua taratibu. Bibi alipoona filimbi inashuka pale pale mbele ya macho yake, alisema tu kwamba chupa ile ilikuwa na kazi nzuri zaidi kuliko ya kubebea gongo. Habari ya kimeo sikuisikia tena.

Sasa kuhusu kuwatafuta watu, maana mradi ulitaka watoto waonekane tena wakishafika umri wa shule, na hapo ndipo mtakapovaa viatu mpaka viishe. Watu wa kwetu wanahama na dhahabu. Rashi ikitokea Geita, yaani dhahabu mpya ikionekana, kijiji kinabaki na wazee na mbwa. Baba yake Shija alikwenda Rwamgasa kuchimba, mwaka uliofuata akachukua nyumba nzima.

Nilifika Rwamgasa na fomu yangu, jina kamili, kama mjinga. Machimboni usiulize jina la kwenye fomu. Ukionekana mgeni una karatasi na kalamu, mtu anakuwa hajawahi kulisikia hata jina la mama yake. Na wachimbaji wana majina ya pale pale, Simba, Mzungu, Chuma Ulete. Nikazunguka asubuhi nzima. Kisha nikaficha karatasi, nikaenda kwenye mashine ya kusaga mahindi, maana mchimbaji anaweza kujificha lakini mke wake lazima asage. Nikasalimia, nikakaa, nikasaidia kubeba debe. Ndipo nikauliza, "Kuna mama hapa ana Kulwa, Doto na Shija?"

"Mama Kulwa wa uji?" mmoja akasema. "Si yule kule juu."

Alikuwa anauza uji na maandazi. Zamani, akaniambia, walipanga chumba jirani na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi likamrudishia Shija filimbi. Mumewe akasema watoto wote wanakohoa hapa. Yeye akasimama uani siku tatu akitazama moshi wa majiko unaelekea wapi, akahamisha familia upande upepo unakotokea. Hakuna dokta aliyemwambia. Ninyi mkifika kwenye nyumba ya mtu, kabla hamjaanza kufundisha, ulizeni kwanza wanajua nini.

"Na Shija?"

"Kacheze naye mpira uone."

Shija ana miaka saba, miguu kama mwiko, mbele kwenye mpira. Pumu anayo. Nesi alimpulizisha kwenye kile kipimo cha mrija, akarudia mara tatu, akasema ipo, lakini imeshikwa vizuri. Siku za vumbi anabanwa, anatoka uwanjani, Doto anatoa pampu kwenye begi la shule kabla hajaitwa, Shija anavuta, anarudi, anafunga goli. Bibi hakuyaona hayo. Alitangulia mwaka jana. Nilitoa pole, Mama Kulwa akanimiminia uji.

Kilibaki kichupa kimoja cha damu, Dokta aufananishe uzee na utoto wa wale askari. Chupa za maji ya mtungi zilikuwa tayari kwenye boksi. Nesi akafungua sindano. Shija akaficha mkono nyuma, akanitazama toka buti mpaka kofia.

"Babu, wewe ndiye yule wa barafu?"

"Ndiye."

"Bibi alisema wewe kwanza."

Nikamtazama nesi. Nikamtazama Mama Kulwa, yeye akageukia sufuria, mabega yanatikisika. Basi safari hii nikakaa chini mapema, nikakunja mkono wa shati, nikaanza kutafuta kuku.